Upande wa Joakim

Wasikilizaji wapendwa, mwangaluka. Kama unachambua pamba, endelea, mikono haisikilizi redio. Leo tunamkumbuka Joakim Maige, mkodishaji wa vitabu vya hadithi sokoni Bariadi. Narudia: mkodishaji wa vitabu. Wengi wenu mlisoma hadithi za ujanani kutoka mezani kwake, na wengine hamjarudisha vitabu mpaka leo.

Joakim alianza mwaka 1987, enzi za ruksa, biashara zilipoachiwa huru. Mitumba imeingia, sabuni imerudi madukani, na yeye katikati ya marobota ya nguo kaweka meza ya vitabu. Vyote vya upelelezi. Jambazi, bastola, mrembo asiyeaminika. Sisi wavulana wa Bariadi tukawa tunatembea na miwani ya jua hata jioni, tunajikwaa tu.

Kisha akaja Nyanjige, binti kutoka Bukundi, na gunia la hadithi za mapenzi alizonunua Mwanza. Wasichana wakamzunguka. Baada ya muda wavulana nao wakaanza kupitia hapo, eti wanapita tu. Joakim alichukia sana.

"Hivyo ni vitabu vya kulilia," alisema. "Kijana mzima unalilia barua?"

Kwetu ubishi kama huo unajulikana unapoishia. Pamba ikishauzwa, vyama viwili vya ngoma, Wagika na Wagalu, hucheza uwanja mmoja, wakati mmoja, na wenye umati mkubwa ndio washindi. Basi mwaka 1993 hawa wawili wakakubaliana vivyo hivyo. Joakim asome kwa sauti upande huu, Nyanjige upande ule. Joakim akaapa mbele ya soko zima kwamba akishindwa anafunga meza yake.

Alianza vizuri. Mpelelezi wake yuko juu ya paa la treni, majambazi nyuma yake, na umati wote ni wa Joakim. Lakini kule Nyanjige alikuwa akisoma polepole habari za binti aliyepandishwa basi kwenda kuolewa asikotaka, na mpenzi wake analifukuzia basi kwa baiskeli. Sauti yake ikavuka uwanja. Joakim akasita, akasikiliza. Halafu akafunga kitabu, akamwacha mpelelezi juu ya paa, akavuka uwanja kwenda kuuliza kama lile basi lilisimama. Wasikilizaji wapendwa, umati wake ukamfuata. Lilisimama, kama na nyie mnauliza.

Asubuhi yake nilimkuta anapanga vitabu kwenye boksi. Hakuwa anatania, na sura yake ilinitia huruma. Nyanjige akaja, akalimwaga gunia lake mezani.

"Kaka Joakim, usifunge," alimwambia. "Sogeza hao wapelelezi wako. Hawa wangu watakaa wapi?"

Msimu uliofuata walioana.

Miaka ikaenda. Ikafika zamu ya majini na misukule, na safari hii aliyenuna ni Nyanjige. Joakim akacheka, akasogeza mapenzi, akaweka majini. Zikaja hadithi za kwenye simu. Binti yao Scola anasimulia: "Baba aliniambia, macho yangu yamechoka, nisomee hiyo ya kwako. Lile jini limeshaoa?" Joakim alikuwa anasema vijana hawaachi hadithi, wanahama upande tu, na yeye yuko tayari kuhama nao.

Kila baada ya mavuno mume na mke walirudi uwanjani kushindana, kila mmoja na kitabu chake. Kila mara umati ulikwenda kwa Nyanjige. Joakim hakuwahi kushinda. Narudia: hakuwahi kushinda hata mara moja, na kila mara alirudi nyumbani anacheka.

Tulimzika Jumamosi. Walikuja wazee wa upelelezi, akina mama wa mapenzi, vijana wa majini, watoto na simu zao. Watu walijaa mpaka bodaboda zikakosa njia. Nimemlilia sana Joakim, sitaficha.

Pole sana, mayu Nyanjige, mama yetu. Pole Scola, poleni ukoo wote wa Maige. Na wewe unayesikiliza, mwanao akiinamia hadithi usiyoielewa, usimcheke kwanza. Vuka, ukamuulize imefika wapi.

Pale kaburini Nyanjige aligeuka, akautazama ule umati kwa muda mrefu. Kisha akainama kidogo.

"Haya, Joakim," alisema. "Leo umeshinda."