Kigoda cha Ekua Awotwe na Mstari wa Ziwa Atufa

Ndugu, jamaa, wanawake wa Soko la Chini, na wakubwa wa baraza la mji mliokaa viti vya mbele: familia ya ukoo wa Nsona imemtuma mpwa wa marehemu, Esi Mbroba, awasomee maisha ya mama huyu. Ameombwa asome taratibu na asiongeze chumvi. Chumvi mtakayoisikia ilikuwemo tangu mwanzo.

Ekua Awotwe Quansah alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1956, hapa hapa Nsuano, katika nyumba inayotazama ziwa Atufa, upande wa pili wa ukingo wa mchanga unaolitenga na bahari. Aliitwa Ekua kwa sababu ni wa Jumatano, na Awotwe kwa sababu alikuwa mtoto wa nane. Mama yake, Araba Mbroba, alikausha samaki wa ziwa kwa moshi na kuwauza. Baba yake, mzee Kobina Quansah, alikuwa mchonga vigoda, na nyumba yake ilikuwa na sheria moja tu iliyotiliwa mkazo: ukiinuka, kilaze kigoda ubavu. Kigoda kilichoachwa kimesimama ni sawa na kusema karibu, na huwezi kujua nani ataitikia.

Ekua alikuwa mtoto mbishi. Siku moja alimwuliza baba yake, "Kwani huyo asiyeonekana akija akakaa, tatizo liko wapi? Si na yeye amechoka?"

Mzee Kobina hakuinua macho kutoka kwenye tezo lake. "Kukaa si tatizo. Tatizo ni kumwinua."

Kaka zake walicheka mpaka wakakohoa. Ekua hakucheka, na toka siku hiyo akawa analaza hata vigoda vya nyumba za watu, akagombezwa kwa hilo mtaa mzima.

Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia mwaka 1962, akaingia sekondari ya wasichana mwaka 1970. Kisha alisomea afya ya jamii na kumaliza mwaka 1980. Walimu waliandika kwamba ni msichana mwenye bidii ila anapenda kuuliza jambo ambalo limekwisha jibiwa. Mama yake aliposomewa maneno hayo alisema, "Basi walimu wamekwisha mjua," akaendelea kupanga samaki wake.

Mwaka 1981 aliajiriwa na baraza la mji kuwa bibi afya. Wauza chakula walimjua kwa mwendo. Akionekana tu penye kona ya soko, masufuria yanafunikwa, na mmoja anapaza sauti: "Funikeni, mashosti, mama wa inzi huyo anakuja." Naye akifika anasema, "Mmefunika vizuri. Sasa funueni nione mlichofunika." Hakupendwa kila siku, lakini mlango wake haukukosa mtu mwenye mtoto anayeharisha.

Aliolewa na Bwana Kwamina Egyir, mpiga tarumbeta wa bendi ya kanisa, tarehe 18 Agosti 1984. Wajomba zake walipopelekewa vinywaji vya posa, Ekua aliitwa mara tatu, kama ilivyo desturi, aulizwe kama vipokelewe. Mara ya kwanza alikaa kimya. Mara ya pili kimya. Upande wa bwana harusi ukaanza kuangaliana. Mara ya tatu akasema, "Vipokeeni. Nilikuwa nasikiliza kama mnaniuliza kweli au mnapitisha ratiba." Bwana Egyir bado anaisimulia, na bado inamtoa jasho. Mungu aliwajalia binti, Nana Araba, na mwana, Ekow.

Mwaka 2009 baraza lilijiwekea malengo ya mji: ya uchumi, ya utamaduni na ya mazingira. Ubao mkubwa ulisimamishwa sokoni, ule mtakaoupita mkitoka hapa, na kila lengo likapewa mstari wake. Kila mwaka, kabla ya sikukuu ya Septemba, mistari hupakwa rangi: nyekundu kama mambo yamelala, njano kama yanasogea, kijani kama lengo limefikiwa. Bibi Ekua alikabidhiwa kazi hiyo, akaiwekea utaratibu wake. Mstari haupakwi rangi kabla mhusika wake hajakaa na kuulizwa. Wauza samaki walikaa kwa ajili ya uchumi, wakalalamika. Manahodha wa vikosi vya asafo, walinzi wa jadi wa mji, walikaa kwa ajili ya utamaduni, wakagombania nani atangulie kukaa. Ilipofika zamu ya mazingira, marehemu alileta kigoda cha baba yake kutoka nyumbani, akakisimamisha mbele ya meza.

Bwana Ebo Turkson, afisa uchumi, ambaye leo yupo nasi, alikuwa kijana wakati huo na mdomo wake ulikuwa haujatulia. "Na hiki cha nani, Anti Ekua?"

"Cha Atufa. Mstari ni wake."

"Ziwa? Sasa litaongeaje? Litanyoosha mkono?"

"Wewe unakaa vikao vyote hujawahi kusema la maana, na kiti tumekupa."

Basi ikawa hivyo. Kila mwaka alikisimamisha kigoda, akalisalimu ziwa kwa jina, akalisomea hali ya maji, ya samaki na ya takataka, akauliza, "Tuandike nini?" Alingoja kidogo kwa heshima, akapaka nyekundu, akakilaza kigoda ubavu, watu wakaenda kula. Hakuna aliyeona ajabu. Wengi walidhani ni namna yake ya kutusuta.

Mwaka 2014 ndipo mambo yalipoharibika, na familia imekubaliana yasemwe hapa mbele ya wote. Miji mingine ilikuwa inakuja kutazama ubao wetu. Uchumi ulikuwa kijani, utamaduni kijani. Ziwa lilikuwa linanuka, na wiki hiyo samaki walielea matumbo juu mpaka kunguru wakawakinai.

Mkuu wa baraza wa wakati ule alimwita. "Ekua, mji mzima umejitahidi. Tukwame kwa dimbwi?"

"Acha kwanza nimwulize."

"Muulize. Lakini wageni wako njiani."

Akakisimamisha kigoda, akauliza. Kimya. Sasa, mnaofanya kazi barazani mnajua jinsi tunavyopitisha mambo: mwenyekiti anauliza kama kuna pingamizi, watu wanatazama viatu vyao, na jambo linapita. Ndivyo alivyofanya. Mwanamke yule yule aliyemtoa bwana harusi jasho kwa kimya chake mwenyewe, siku ile alikipokea kimya cha mwingine kuwa ndiyo. Alipaka kijani. Nje ngoma zilikuwa zimeanza, wenzake wakamshika mkono, akatoka anapunga leso nyeupe. Kigoda kikabaki kimesimama.

Asubuhi yake alifungua ofisi akakuta kigoda kimelowa. Maji yalikuwa yametuama sakafuni chini yake, na harufu ilikuwa ya Atufa, matope na samaki. Alipangusa, akakilaza ubavu. Akageuka kutundika mkoba wake mlangoni. Alipogeuka tena, kigoda kilikuwa kimesimama, na kilikuwa kimemkaribia.

Sokoni nako, mistari ya uchumi na utamaduni ilikuwa imekauka kabla ya adhuhuri. Ule wa ziwa haukukauka. Watu waliegemea ubao wakaenda nyumbani na migongo ya kijani. Ikaja harmatani, upepo ule unaopasua midomo na kukausha nguo kabla hujamaliza kuzianika, na bado ukigusa kijani kile kinakuja na kidole. Wauza samaki wakaacha kupanga meza zao upande ule. Bwana Turkson, kwa kutaka kuonyesha kwamba ni upuuzi, alikikalia kigoda mbele ya wenzake. Aliinuka upesi, suruali inachuruzika maji, akaenda kwao. Mpaka leo hajasema alihisi nini, na mpaka leo hali samaki.

Marehemu alikaa mbele ya kigoda siku moja tangu baraza linafunguliwa mpaka linafungwa, akauliza, na safari hii akangoja. Alipotoka alichukua kopo la rangi nyekundu akapaka juu ya kijani. Rangi ikakauka kabla hajafunika kopo. Kwa tendo hilo alihamishiwa kitengo cha vyoo vya umma, ambako alifanya kazi kwa furaha. Baraza lilipaka kijani tena, kikakataa kukauka tena, na mwishowe likaona heri ya nyekundu inayokauka.

Jioni ya siku ile aliyopaka nyekundu juu ya kijani, alimwambia mumewe, "Nimemsemea neno ambalo hakulisema. Sasa hataki niondoke mpaka nimsemee la kweli."

"Mpaka lini?"

"Mpaka awe safi, niandike kijani naye akubali."

"Na ukifa kabla?"

"Ndicho ninachokiogopa, Kwamina. Nisimwachie mtoto wa watu kiti hiki."

Hofu hiyo ndiyo iliyoendesha miaka yake iliyobaki, na wengi wenu mlidhani ni ukaidi tu wa uzee. Alistaafu mwaka 2016. Baraza lilimletea kigoda nyumbani kwa teksi na kulipa nauli, jambo ambalo halijawahi kumfanyia mstaafu mwingine. Tangu hapo kilisimama chumbani kwake, upande wa dirisha. Kila asubuhi alipangusa maji chini yake kabla ya kusali, akala dokono, donge lake la unga wa mahindi, na pilipili, akavaa viatu vya mpira akaenda ziwani. Aliwaendea wenye mitaro ya maji machafu nyumba kwa nyumba mpaka wakaigeuza. Alipanda mikoko na kina mama wa kanisa. Mpwa wake Esi alikwenda naye kila Jumamosi kuvuta mifuko ya plastiki kwenye matope, na kila mara alifukuzwa: "Rudi nyumbani, wewe. Usizoeleke huku." Esi alidhani anahurumiwa mgongo.

Mwaka 2022 mstari wa ziwa ulipakwa njano, ukakauka siku ile ile. Kaa walikuwa wamerudi. Siku hiyo marehemu alicheza barabarani, na Bwana Egyir akatoa tarumbeta iliyokuwa imelala kabatini miaka mingi. Tulimpenda sana siku ile. Maji chini ya kigoda yalikuwa yamepungua, akasema bado kidogo, bado kidogo tu.

Mwezi Novemba 2024 alianza kukohoa. Hospitali ya mkoa ilikuta maji kwenye mapafu, wakayatoa, yakarudi, wakayatoa tena. Nana Araba, binti yake, ndiye aliyekuwa kando ya kitanda. Anasema mara ya kwanza muuguzi alifungua dirisha kwa harufu, na mara ya pili alimwuliza kwa upole kama mama amewahi kuzama. Daktari alitoa maelezo yake na tunayaheshimu. Marehemu mwenyewe hakuhangaika na maelezo. Aliuliza tu kila asubuhi, "Ziwa likoje?" na akijibiwa njano, anafumba macho kama mtu aliyeambiwa gari limeshaondoka.

Aliaga dunia Ijumaa, tarehe 9 Mei 2025, saa nne asubuhi, nyumbani, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Wakati ule ule kigoda kililala ubavu. Bwana Egyir alikiona kikiinama taratibu, na sakafu chini yake ilikuwa kavu kabisa. Alilia, akasema, "Amemaliza. Amemwinua." Nasi tulilia, na msitulaumu, kidogo tulilia kwa nafuu.

Siku ya kukusanyika kwa ajili ya wiki moja ya msiba, Esi aliamka nyumbani kwake, ng'ambo ya ua, akaingia jikoni kuchemsha maji ya wageni. Kigoda kilikuwa kimesimama mbele ya jiko. Aliuliza nyumba nzima, na hakuna aliyekibeba. Alikilaza. Akageuka kuchukua sufuria. Ya baada ya hapo mmekwisha kuyasikia mara moja leo.

Ameacha mjane wake, Bwana Kwamina Egyir, watoto wawili, Nana Araba na Ekow, wajukuu watano, dada mmoja, Maame Adwoa, mama yake Esi, wapwa na ndugu wengi wa ukoo wa Nsona, na ziwa Atufa, ambalo bado ni njano.

Mwezi huu baraza lilimtuma Bwana Turkson kutuletea salamu. Alisema kwamba kwa heshima ya marehemu, leo baada ya maziko, mstari wa ziwa utapakwa kijani, ili safari yake isindikizwe na ushindi. Alipokelewa jikoni kwa Esi, maana kwingine kulijaa wageni. Esi alimshukuru, akamwambia utaratibu ni ule ule wa Anti Ekua: mhusika aulizwe, na angojewe. Akamwonyesha alipo. Bwana Turkson alikitazama kigoda, akayatazama maji yaliyokuwa yanakuja taratibu kuelekea viatu vyake, akarudi nyuma hatua moja.

"Sista Esi," alisema, "nadhani tuupake nyekundu. Ni rangi ya msiba. Hakuna atakayeuliza."

"Alikuwa ameshafika njano."

"Basi njano. Ibaki njano. Nani atakuja kupaka mwakani?"

Swali hilo halikuwa limeulizwa kwa Esi peke yake. Aliwasha jiko, akavuta kiti kingine, akakaa kukielekea kigoda, akauliza, na amengoja hadi maandishi haya yanapelekwa kwa mpiga chapa.

Anti Ekua, umekaa vya kutosha kwa niaba ya wengine. Leo tunakulaza ubavu, kama baba yako alivyokufundisha. Ulale, asikuinue mtu.