Bi Gramu na Betri za Gramu Ishirini na Tisa

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, saa kumi kamili jioni, Bi Gramu atafunga mlango wa stoo kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi katika Idara ya Maji Taka. Atafunga, atausukuma mlango mara mbili, atapiga hatua nne, kisha atarudi kuusukuma tena. Tunamjua, na tutamsubiri getini.

Alianzia masjala, akipima barua kabla ya kubandika stempu. Alipohamishiwa stoo, alikuta mizani ya barua, ile yenye kisahani cha bati na mshale, imewekwa kando ili itupwe. Akaiomba, akaondoka nayo kwapani. Tangu siku hiyo hakikuingia kitu stoo bila kupanda kisahani: skrubu, nati, sabuni, hata pakiti ya biskuti za kikao cha wakuu, ambayo aliitangaza kwa masikitiko makubwa kuwa imepungua gramu kumi na moja. Ndipo akabatizwa Bi Gramu, na jina lake halisi likabaki kwenye faili tu.

Jamani, naye hukosea. Mwaka mmoja alirudisha dukani katoni nzima ya misumari kwa kupungua uzito, kumbe mizani ilikuwa imekalia karatasi iliyokunjwa, ikaegama. Alipogundua, hakutuma mtu. Alitia mizani kikapuni, akaenda kwa miguu mpaka dukani, akaipima misumari upya mbele ya wateja, akamwomba radhi mwenye duka. Bwana yule alicheka mpaka akakaa chini. Safari hiyo muikumbuke, nitairudia.

Sasa lile la betri. Miaka kumi na minne iliyopita, mafundi wetu wanaoshuka kwenye mashimo ya chini ya ardhi walihitaji betri mpya za kuchaji kwa taa zao za kichwani. Taa hukaa kwenye paji la uso, betri hukaa kisogoni, imebanwa na mkanda. Mnunuzi wa idara, bwana mmoja wa tai nyekundu na maneno mengi, akapata betri sitini kwa theluthi ya bei ya kawaida. Zilikuwa zinang'aa, nembo ileile ya zile tulizozizoea, na uwezo ulioandikwa ubavuni ulikuwa mara tatu. Alizileta stoo akitembea kama aliyeshinda uchaguzi.

Bi Gramu akaweka moja kwenye kisahani. Betri tuliyoizoea ina gramu arobaini na sita. Safari hii mshale ulisimama kwenye ishirini na tisa. Akauliza kwa upole kama siku hizi betri nazo zinajinyima chakula ili zipendeze. Mnunuzi akajibu kuwa wepesi huo ndio teknolojia mpya, na kwa bei ile mtu hachaguichagui. Bi Gramu akasema vitu rahisi anavipenda, soksi zake zote ni za bei ya kutupa. Ila soksi feki ikitoboka kinatoka kidole gumba, na hii inafungwa kisogoni mwa mtoto wa mtu aliye chini ya ardhi. Akagoma kutia saini.

Mnunuzi akapanda juu kumshtaki. Kazi ilikuwa imesimama kwa kukosa taa, mkuu wa wakati huo alikuwa na haraka zake, na Bi Gramu akaandikiwa barua ya onyo kwa kukwamisha kazi. Barua hiyo ilimkosesha cheo cha msimamizi wa stoo kwa miaka mitatu. Aliisoma, akaiweka kwenye mizani, akaandika pembeni kwa penseli: gramu 5. Kisha akaomba jambo moja tu, kwamba betri sita zichajiwe kwanza uani, ndani ya ndoo ya mchanga.

Saa nne asubuhi mnunuzi alitoka na kikombe chake cha chai kwenda kushuhudia ushindi. Betri ya nne ikavimba, ikafuka moshi, ikapiga mluzi, na mwali ukaruka juu ya ukingo wa ndoo. Chai yote iliishia kwenye viatu. Baadaye fundi umeme aliifungua nyingine kwa tahadhari zake zote, akakuta kibetri kidogo kama kidole, na kilichobaki ni unga mweupe. Mafundi waliokuwa uani walijishika visogo. Aliyepangiwa kushuka wa kwanza mchana ule alikuwa mdogo wake mnunuzi, baba mmoja, mama mmoja.

Bi Gramu hakumsimanga mtu. Aliongeza mchanga kwenye ndoo, akamletea mnunuzi kitambaa cha kufutia viatu. Zikanunuliwa betri halisi, chache, mafundi wakapokezana zamu mpaka zikatosha wote. Tangu hapo kila betri hupimwa, na hakuna fundi wetu aliyeungua hata unywele.

Mnunuzi yule ni mimi. Tai niliiacha zamani. Betri nilizirudisha, lakini barua ya onyo, niliyoiomba mimi kwa kinywa changu, niliiacha ikae kwenye faili kwa aibu, nikijiambia yamepita. Bi Gramu alitembea mpaka dukani kwa ajili ya misumari. Ofisi yangu iko milango mitatu kutoka stoo, na imenichukua miaka kumi na minne. Jumatatu nilikwenda kwa mkuu wetu wa sasa, nikaeleza yote, na onyo limefutwa rasmi. Nisamehe, dada yangu.

Ahsante kwa kila saini uliyotia, na zaidi kwa ile uliyoikataa. Tunakutakia siku zenye uzito kamili, afya tele, na wajukuu watakaokubali kupimwa. Mizani idara imekuachia iwe yako, na mdogo wangu, aliyeshuka shimoni leo asubuhi na kupanda salama, ndiye atakayekubebea mpaka nyumbani.

Karatasi hii nimeipima kabla ya kuipeleka kuchapwa. Ni gramu tano, sawasawa na ile barua. Nimewaomba masjala waiweke kwenye faili lako, palepale ile ilipokuwa.