Siku ya Nne ya Ruhusa

Ndugu zangu, padri ameniomba niseme kwa upole. Sitaweza. Niliyoyatenda hayakuwa ya upole.

Enzi za mashamba ya karanga ya Wazungu nilikuwa karani bomani Nachingwea. Nilikuwa nimesoma hadi sekondari, nikajiona mtu. Siku zile kupika pombe bila kibali ilikuwa kesi, na kunywea njiani ilikuwa kesi. Ikaja sikukuu ya serikali, Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, akalegeza: siku tatu, kila mtu apike, auze, anywe popote. Tangazo nililisoma mimi sokoni, wiki moja kabla.

Mjane mmoja alipika mara mbili. Chungu cha kwanza kiliisha. Chungu cha pili kikachelewa, maana mtama mnaujua, hauharakishwi. Jioni ya siku ya tatu akaniuliza, "Mwanangu karani, hiki bado kuiva. Nimwage?"

Nilikuwa nimelewa tangu asubuhi, na kiu ya kesho ilishaanza. Nikamwambia, "Usimwage, mama. Serikali imeongeza siku mbili."

Uongo mtupu. Niliutunga palepale, kibuyu mkononi.

Siku ya nne askari walivunja vyungu vyake vyote, wakamkamata na mtoto mgongoni. Akasema, "Karani ndiye aliyeniambia." Nilipoulizwa nikajibu, "Mama huyu simjui."

Mnaguna? Guneni.

Kesho yake nilikaa barazani kuandika kesi yake. Liwali akatamka: miezi mitatu jela. Mama hakulia. Alimhamishia mtoto ziwa la pili, akanitazama. Kalamu ikagoma. Nikasimama.

"Karani, kaa chini!"

"Sikai. Nilimdanganya mimi, kwa sababu nilitaka kunywa."

"Unajua unachopoteza?"

"Najua. Hiyo andika mwenyewe."

Mama akaachiwa. Mimi nikafukuzwa kazi na kufungwa. Nilipotoka nilikwenda kumwomba radhi. Akasema, "Radhi ngoja. Nenda kachimbe udongo, nifinyange vyungu." Nikachimba, mikono ikitetemeka kwa kukosa pombe, wanawake wakinizomea: "Karani wa Bwana Shauri, leo umepandishwa cheo!" Sikutupa jembe. Kisha kaka yake akanichukua kwake Nambilanje, tukalima ufuta, na kila nilipoelekea kilabuni alinifuata akanirudisha, mpaka mwili ukazoea.

Nawashukuru wawili hao. Hawakunibembeleza, walinipa kazi.

Wapo wanaoniambia, "Mzee, zile siku tatu ndizo zilizokuponza." Nakataa! Wengi walikunywa siku tatu, ya nne wakarudi shambani. Wengine wanasema ni shetani. Naye simpi kesi yangu. Mdomo ulikuwa wangu.

Nanyi mnaokunywa, siku mtakapochoka kutafuta wa kumlaumu, njooni kwangu Ruponda. Jembe la pili lipo.