Dakika Saba Kila Baada ya Saa Mbili

Baada ya miaka thelathini na minne katika chumba cha boila cha hospitali yetu, fundi mkuu wa mvuke anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Wengi wenu mnamfahamu kwa jina la Mzee Dakika. Mimi niliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu ni msaidizi wake wa miaka sita, na ndimi nitakayebaki na ule mtambo. Mkiona maneno yanatetemeka, mniwie radhi.

Alianza kama kibarua wa kubeba makaa. Mtambo ulipobadilishwa kuwa wa dizeli wenzake watatu waliondoka. Yeye akabaki, akajifunza upya. Mvuke wake ndio unaotakasa vifaa vya upasuaji, unaopika chakula cha wagonjwa na kunyoosha mashuka.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri alikuwa mlangoni. Alitazama kioo kinachoonyesha kiasi cha maji ndani ya boila, akafungua vali ya chini kutoa tope, akasikiliza kichomeo cha dizeli, akaandika. Dakika saba, basi. Baada ya saa mbili alirudia. Vijana tulimcheka, tukisema mzee anachezea muda. Kumbe katikati ya mizunguko hiyo alikuwa huru kuliko sisi sote. Alisoma hadi akapata cheti cha ufundi akiwa na miaka arobaini na minane, na ikifika saa nane mchana alikwenda zake nyumbani huku sisi tukihangaika na viporo vya kazi. Mkewe ametuuliza, nusu mzaha, sasa mzee akishinda nyumbani, nani atakaguliwa kila baada ya saa mbili kama si yeye mke.

Lipo jambo ambalo wengi hamlijui. Mwaka juzi alichukua likizo ya siku nne kumwoza binti yake, akaniachia karatasi ya ukaguzi. Nami, kwa kujiona mjanja wa kuokoa muda, kila asubuhi nilijaza mizunguko yote ya siku kwa mkupuo, nikaweka tiki zangu safi, nikakaa na simu. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, nikanusa chuma kinachoungua. Kioo kilikuwa kitupu. Kifaa kinachopaswa kuzima kichomeo chenyewe maji yanapopungua kilikuwa kimeganda kwa tope ambalo sikulitoa. Nyuma ya ukuta, kina mama kumi na mmoja wa dobi walikuwa wanapiga pasi na kucheka.

Nilikimbilia vali ya kuingiza maji. Nilikuwa nimeshaishika nilipodakwa mkono. Mzee Dakika, ndani ya shati la harusi ya binti yake, alikuwa amepita kuchungulia mara moja tu. Alizima kichomeo, akanisukuma nje, akawatoa kina mama wote. Tulikaa uani hadi mtambo ukapoa.

Baadaye alinieleza kwa sauti ya chini kwamba maji baridi juu ya chuma chenye moto ule yangegeuka mvuke kwa mpigo mmoja, mtambo ungepasuka, na ukuta usingekuwepo. Nikamuuliza yeye aliwezaje kutoogopa, maana nilidhani mzee yule hana woga. Akaniambia kwamba miaka yote hiyo aliingia mle ndani akiogopa, na ratiba ndiyo iliyomwezesha kufungua mlango. Kisha akanipeleka kwa msimamizi nikaseme mwenyewe nilichofanya. Nilisema.

Mwezi uliopita nilimpelekea fomu ya kukabidhi kazi. Akaniuliza kama naogopa. Nikajibu kishujaa kwamba siogopi hata kidogo. Akanirudishia fomu bila saini, akaendelea na chai yake.

Juzi nilirudi nayo. Safari hii nilimwambia ukweli: usingizi hauji, nawafikiria wale kina mama wa dobi, na sijui kama nitaweza. Akaomba kalamu, akasaini.

Mzee wetu, ahsante kwa kila alfajiri uliyoamka sisi tukiwa tumelala. Tunakutakia maisha mema, wewe na mama, na asubuhi za kujinyoosha kitandani hadi jua liingie dirishani. Hofu yako tumeipokea.