Kona Ukiwa Umekaa Nyuma

Benchi letu liko pembeni ya meza yangu ya kushonea viatu, pale barabara ya lami inapokutana na uchochoro wa maduka. Wanaokaa hapo ni walewale. Yupo Pancha, anayeziba matairi mlango wa pili kutoka kwangu, ambaye hata akioga mara tatu mikono yake bado inanuka mpira. Yupo kinyozi tunayemwita Injinia, kwa sababu hakuna chombo asichojua kinavyofanya kazi, ingawa redio ya kibandani kwake ina mwaka mzima haijasema neno. Yupo Mama Birika anayetumiminia kahawa. Na yupo Kitambaa, dereva wa pikipiki ya abiria, aliyepewa jina hilo kwa ajili ya kitambaa cha kufutia pikipiki kisichotoka mfukoni mwake. Asubuhi ninayoisimulia, Kitambaa aliegesha, akakaa, wala hakufuta kitu. Wiki iliyokuwa imepita alianguka na mkewe kwenye kona ya mlimani. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, tairi la nyuma likateleza, wote wawili wakaenda chini. Yeye alichubuka goti. Mkewe alitoka na kiwiko kilichovimba. Tangu siku hiyo, mke anakwenda kazini kwa basi.

— Amenuna? Injinia aliuliza.

— Afadhali angenuna, Kitambaa alisema. Tunakula pamoja, tunacheka, ananiulizia goti. Asubuhi nikiwasha pikipiki ananiambia "safari njema," halafu anashika njia ya kituoni. Kama vile hatujawahi kwenda kazini pamoja.

— Angenuna ungejua pa kuanzia, alisema Mama Birika, akamsogezea kikombe.

— Sasa nimeamua. Nabadilisha matairi yote mawili. Nataka yanayoshika kona vizuri, lakini yasiishe haraka. Mimi niko barabarani kutwa, siwezi kuwa mtu wa kununua tairi kila nikigeuka.

Pancha alikuwa anajifuta mikono, kazi ambayo haijawahi kumsaidia.

— Ndugu yangu, unataka vitu viwili ambavyo havipatani, alisema. Mpira laini unashika lami, hata ikiwa imelowa. Lakini unaisha kama sabuni. Mpira mgumu utakaa nao mpaka uuchoke, ila kwenye kona yenye maji usiutegemee.

— Hata soli ni hivyo hivyo, nikasema mimi. Mteja anataka kiatu kisichoteleza bafuni wala kisichoisha barabarani. Huwa namwambia achague.

— Hilo la nyuma ulikuwa nalo muda gani? Pancha akamuuliza.

— Mrefu. Nilikuwa najisifia.

— Nililiona siku ulipoileta pikipiki kunyoosha usukani. Katikati limelika mpaka limekuwa bapa. Ukienda wima, huna habari. Ukiilaza kwenye kona, linapanda kwenye ukingo wa ule ubapa, halafu linakuacha.

Kitambaa akatazama kikombe chake. 

— Kumbe nilikuwa najisifia ugonjwa, akasema.

Injinia alikuwa amenyamaza muda mrefu kuliko kawaida yake, na sisi tunaomjua tulijua nadharia inapikwa.

— Dawa yake ni rahisi, akasema. Mbele funga laini, nyuma funga gumu. La mbele linashika, la nyuma linadumu. Umeshapata vyote.

— Lililoteleza ni la nyuma, Pancha akamkumbusha.

— Basi yabadilishane kila wiki. La mbele liende nyuma, la nyuma lije mbele. Hakuna litakalojua zamu yake.

— Hayalingani, Injinia. La nyuma ni pana.

— Hilo ni kosa la kiwanda.

Mama Birika akacheka polepole, bila kuacha kumimina.

— Mimi nasema muangalie umri, alisema. Tairi ni kama unga. Likikaa dukani miaka, hata kama halijatumika, limeshaharibika. Nusa. Linalonuka sana ni jipya.

— Hapo umesema la maana, mama, Pancha alikubali. Mpira ukikaa unakauka. Ila tarehe imeandikwa ubavuni, si lazima kunusa.

— Maandishi yanafutwa. Harufu utaifuta na nini?

Injinia hakutaka kuachwa nyuma. Akavuta benchi mbele kidogo, sote tukasogea nalo.

— Nisikilizeni. Tairi lina mazoea. Tairi lililokulia barabara iliyonyooka, ukilipeleka kona linashtuka. Kitambaa atafute mtu anayeishi milimani, huyo amwuzie matairi yaliyokwisha kutumika huko. Yale yameshafundishwa.

— Anunue matairi yaliyotumika ili apate usalama? nikauliza.

— Ananunua uzoefu.

— Na likishateremka huku kwenye barabara iliyonyooka, halitasahau? Kitambaa akauliza, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile nikamwona anatabasamu.

— Ndiyo maana lazima kila siku ulipitishe kona hata kama huna abiria.

— Litaisha haraka.

Injinia akafikiri. Akaona njia imefungwa, akarudi kwa mlango mwingine.

— Basi tuache matairi, tushughulikie kona. Wewe mkono wako wa mafuta ni wa kulia. Kona ya kulia mwili unaielewa. Kona ya kushoto ndiyo yenye matatizo. Sasa, asubuhi pitia mlimani, jioni rudi kwa barabara ya bondeni. Utakuwa umezunguka mlima upande mmoja siku zote. Kona zote za kulia.

Tukajaribu kuuzunguka mlima kichwani, kila mtu na kahawa yake. Pancha akachora kwa kidole juu ya meza yangu, kwenye vumbi la soli.

— Hapana, alisema. Ile barabara inapindapinda. Kulia, kushoto, kulia. Hata ukizunguka vipi.

— Basi tairi la nyuma lijazwe maji nusu. Uzito unashuka chini, mpira hauchemki.

— Hapo atakuwa anabeba kisima, alisema Mama Birika.

Pancha ndiye aliyetutoa huko. Alisema yapo matairi ambayo katikati yamewekwa mpira mgumu na mbavuni mpira laini. Ukienda wima unakanyagia ule mgumu, na huko ndiko tairi linakoliwa kila siku. Ukiilaza pikipiki, unakanyagia ule laini. Hayadumu kama yale magumu matupu, wala hayashiki kama yale ya mashindano, lakini kwa mtu wa lami, mvua na abiria, alisema, yeye angefunga hayo na angelala usingizi.

Kitambaa alikaa wima. 

— Hayo hayo. Mbona hukusema tangu mwanzo?

— Injinia alikuwa anazungumza.

Tukaanza sasa kujadili kama mistari yake iwe ya kina au ya juujuu, na upepo uwe kiasi gani akiwa peke yake na kiasi gani akiwa na mtu nyuma. Tulikuwa tumefika mbali, na Kitambaa alikuwa anahesabu tayari siku ya kwenda dukani, ndipo mkewe akatokea.

Hakuwa na kawaida ya kufika benchini. Yeye ni fundi cherehani kwenye karakana ya sare za shule, ng'ambo ya mlima, na saa hizo huwa ameshainamia mashine. Siku ile alikuwa anatoka kuonyesha kiwiko zahanati. Alikuwa ameufunga mkono kwa kitenge, na mkono wa pili umeshika mfuko. Akasalimia, tukaitikia, Injinia akainuka kumpisha ingawa nafasi ilikuwepo.

— Karibu, shemeji. Kiwiko kinasemaje?

— Kinapungua. Wamesema nisinyanyue vitu vizito, lakini kushona naweza.

Akanipa kiatu kutoka mfukoni. Mkanda ulikuwa umekatika kwenye mzizi, na ubavuni ngozi imesuguliwa ikawa nyeupe. Sikuuliza kimefanywa na nini. Nikakiweka mbele ya viatu vingine vyote.

Kitambaa hakuweza kusubiri mpaka wafike nyumbani. Alimweleza palepale, kwa furaha, habari za mpira mgumu katikati na laini mbavuni, na Pancha akamsaidia kwa viganja viwili, kimoja barabara, kimoja tairi, kuonyesha pikipiki inavyolala. Mke alisikiliza mpaka mwisho. Hakukatiza hata mara moja. Kisha akatuangalia mmoja baada ya mwingine, kwa upole tu, kama mtu anayeuliza njia.

— Hapa nani amewahi kukaa nyuma kwenye ile kona?

Pancha ana pikipiki yake mwenyewe. Injinia mlima ule anaupanda kwa basi, tena kwa nadra. Mama Birika na mimi kazi zetu na nyumba zetu ziko upande huu. Tulikuwa tumeizungumzia kona ile tangu asubuhi, na hapakuwa na hata mmoja wetu aliyeipita akiwa ameshika mgongo wa mtu.

— Ninauliza tu, akasema, sasa akimtazama mumewe. Kwa sababu mimi nikiwa nyuma barabara siioni. Naona mgongo wako na helmeti yako. Kona naijua ikishatufikia. Wewe siku ile uliona maji, ukaona tunateleza, ukajitahidi. Mimi sikuona kitu. Nilijua tunaanguka nikiwa tayari niko chini.

— Sikujua, Kitambaa alisema.

— Najua hukujua. Wala sijakulaumu.

Akaniuliza kiatu kitakuwa tayari lini, nikamwambia kesho. Akatuaga, akaenda kituoni. Kitambaa hakumfuata. Alikaa na kikombe kitupu mkononi mpaka basi lilipopita mbele yetu, na sote tukajifanya tunaangalia upande mwingine.

Kisha akamgeukia Pancha.

— Nipeleke mlimani. Mimi nikae nyuma.

— Sasa hivi? Nina tyubu ya mtu ndani ya maji.

— Itakusubiri.

Injinia alifungua mdomo. Mama Birika akamjazia kikombe, akaufunga.

Wakaenda na pikipiki ya Pancha. Ilikuwa kitu kigeni kumwona Kitambaa nyuma, hajui miguu aiweke wapi. Mimi nilirudi kwenye kile kiatu. Nilikuwa nimekwisha kukishona mkanda, naanza kukipaka rangi ubavuni, waliporudi. Pancha alishuka akijishika kiuno.

— Huyu mtu amenibana mbavu mpaka nikakosa pumzi, alisema.

Kitambaa alikaa kwenye benchi. Uso ulikuwa umemtoka jasho, na asubuhi yenyewe haikuwa ya joto.

— Ulikuwa unakimbia, alimwambia Pancha.

— Sikukimbia.

— Pancha, ulikuwa unakimbia. Ile kona ya pili umeilaza mimi hata sijajiandaa. Nilitafuta kitu cha kushika nikakosa, nikakushika wewe.

Nadhani Pancha alikuwa anatafuta namna ya kulisema bila kumuumiza.

— Nilikwenda mwendo wako, akasema. Mwendo wako wa kila siku. Naujua, huwa nakufuata.

Kitambaa alitoa kile kitambaa mfukoni, akajifuta uso, akakirudisha. Barabara ilikuwa imeanza kuwa na magari mengi, na Pancha akaenda kuitoa tyubu ya watu majini.

Matairi aliyanunua, yale yale ya mpira wa namna mbili. Pancha aliyafunga mwenyewe, akamwonya kwamba tairi jipya lina utelezi wa kiwandani, aende polepole siku za mwanzo mpaka lichubuke kidogo. Kitambaa akasema hilo halina taabu. Tukamwona anapita na abiria, anapunguza mafuta mapema, na wateja wawili watatu wenye haraka wakahamia kwa madereva wengine. Aliwaacha waende. Mkewe akaendelea na basi. Kitambaa hakumwambia apande, na sisi hatukumwuliza, ingawa kujizuia kulimgharimu Injinia.

Jinsi ilivyokwisha alinisimulia Kitambaa mwenyewe baadaye. Jioni moja wakiwa jikoni, mke anakata vitunguu, alimwambia:

— Siku ile ulipoondoka, nilikaa nyuma. Pancha alinipeleka mpaka juu.

— Ukaonaje?

— Sikuona kitu.

Mke aliacha kisu, akamtazama kwa muda. Halafu akaendelea kukata.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa benchini, ukungu haujatoka vizuri, tukawaona wanakuja wote wawili kwa miguu, Kitambaa anaisukuma pikipiki kama mtu anayepeleka ng'ombe. Alisimama mbele ya Pancha ili apimiwe upepo, kwa kuwa leo wako wawili. Mke alivaa helmeti yake, akainama akaligusa tairi la nyuma ubavuni, akalibonyeza kwa kidole gumba.

— Ni laini kweli, alisema.

— Mbavuni tu, shemeji, Pancha akajibu.

Mke akapanda. Akakaa vizuri, mkono mzima begani kwa mumewe, ule wa kiwiko kibovu mapajani.

— Kila kona, uniambie kabla, alisema.

— Nitakwambia.

Wakaondoka taratibu. Pale lami inapoanza kupinda kuelekea mlimani, kabla pikipiki haijalala, tuliiona helmeti ya Kitambaa ikigeuka kidogo nyuma. Alikuwa anasema kitu. Mkono wa mkewe ukatoka begani, ukazunguka kiunoni, wakaingia kwenye kona.