Ndevu za Chaguzi Tano

Sogeeni hapa wanangu, mkae upande mmoja wa kitanda, maana shingo yangu haina tena nguvu ya kugeuka huku na huku kama ya mtu anayetazama mpira. Dada mtu, mpishe mdogo wako. Hivyo. Pumzi iliyobaki ni ya hotuba moja tu, na mimi, tofauti na wale wagombea, nitamaliza kabla hamjasinzia.

Tumeshindwa. Mimi na wewe binti yangu tumeshindwa, chama cha huyu mdogo wako kimeshinda, na juzi redio ilipotangaza nilijifunika shuka nikalia kweli, maana nilitamani kwenda nikiwa nimeonja ushindi japo mara moja. Lakini kura zilihesabiwa mbele ya macho yetu, na asiyekubali kushindwa si mshindani. Mimi nimekubali leo asubuhi, baada ya chai.

Ndevu hizi mnazijua. Miaka ishirini iliyopita, tuliposhindwa mara ya kwanza, nilisimama katikati ya duka letu la kunyolea, wateja wamejaa, nikaapa kwamba wembe hautagusa kidevu changu mpaka chama chetu kishike nchi. Nilidhani ni ndevu za miaka mitano. Leo huu ni uchaguzi wa tano, ndevu zimefika kifuani, na mji mzima unamcheka kinyozi mwenye ndevu za beberu. Nami nimecheka nao, maana waliokuja kuzishangaa waliondoka wamenyolewa.

Sasa sikieni nisilowahi kuwaambia. Marehemu mama yenu alipigia kura upande wa pili mara zote nne alizojaliwa. Alikuwa akiniambia mwenyewe, huku akinichana ndevu hizi: "Baba watoto, wewe nakupenda, lakini hicho chama chako sikitaki." Nilinuna siku mbili, ya tatu njaa ikaniuma, tukala sahani moja.

Ninyi mmetundika pazia katikati ya duka, kiti cha dirishani cha dada, kiti cha mlangoni cha kaka, na tangu matokeo yatoke hata salamu hampeani. Tena mmeagiza matofali ya ukuta! Nimeyaona yakishushwa kupitia dirisha hili, mkidhani mzee amelala. Na kioo je? Kioo kile kirefu tulikibeba mimi na mama yenu kwa miguu, yeye mbele mimi nyuma, tukisimama kila kona kupumzika, ili kitazame viti vyote viwili. Ukuta ukipita, lazima kikatwe. Serikali huja na kuondoka, lakini kioo kikishakatwa ndiyo basi.

Basi duka nawaachia wawili, halikatwi wala haliuzwi. Matofali yajengeeni benchi nje, wateja wamechoka kusimama juani. Pazia lishoneni vitambaa vya kuwafunika wateja. Binti yangu, uchaguzi ujao kampigie umtakaye, usikate tamaa. Na wewe uliyeshinda, usimkebehi dada yako. Ukiona mwenzako ananyolewa, wewe tia maji.

Na hizi ndevu siendi nazo. Kinyozi hajinyoi, kwa hiyo ninyoeni. Dada mtu, nipake povu, mkono wako ni mwepesi. Wewe, chukua wembe wangu, kuanzia leo ni wako. Mkasi wangu ni wa dada yako. Anzia shavuni. Taratibu... Usilie, utanikata. Binti, nishikie kichwa, kinakuwa kizito. Unacheka? Cheka, mama, cheka. Nilikuwa nimekosa kicheko hicho humu ndani.

Mungu awape riziki isiyouliza mteja kampigia nani kura. Awape watoto wabishi kama ninyi, mjue nilichokipata... na wakae karibu yenu, kama mlivyokaa sasa.

Nisogezeeni kile kioo kidogo cha mkononi. Karibu zaidi, macho yanaingia ukungu. Lo! Kidevu hiki na kishimo chake, miaka ishirini sijakiona. Hebu kitazameni. Ni chako... na chako wewe. Kumbe nilikuwa nikikiona kila siku dukani, kwenye viti vyote viwili.

Haya. Nifuteni povu, nilale. Kesho... mfungue mapema. Watu hawaji mazikoni na nywele timutimu, na peke yake... hakuna kati yenu atakayewanyoa wote.