Orlin Koehn na Mashina Matatu ya Ngano, 1949–2023

Wasifu huu unasomwa na mdogo wake, Merle. Ameombwa asome kwa ufupi.

Marehemu Orlin Peter Koehn alizaliwa tarehe 9 Februari 1949, shambani kwa wazazi wetu, maili sita kaskazini mwa mji wa Halder, magharibi mwa Kansas. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Siku hiyo kulikuwa na theluji. Hayo ndiyo tunayoyajua.

Alisoma shule ya chumba kimoja, kisha sekondari ya Halder, kisha chuo kikuu, akamaliza shahada ya uzamivu mwaka 1976. Mwaka huohuo aliajiriwa na kituo cha utafiti wa kilimo. Kazi yake ilikuwa moja: kutafuta ngano inayostahimili virusi vya michirizi ya njano, vinavyoenezwa na utitiri, vijidudu wasioonekana kwa macho. Kila majira ya kuchipua alipiga magoti, akatoa chavua ya suke moja kwa kibano na kuipeleka kwenye suke jingine.

Tarehe 20 Agosti 1977 alimwoa Twila Jantz. Harusi ilisubiri mavuno yaishe. Twila husimulia kwamba mara ya kwanza Orlin kumtoa matembezi, yeye alivaa viatu vya kisigino akidhani wanakwenda kula. "Tulihesabu majani ya ngano yaliyougua," anasema. "Mia nne na kumi. Halafu akaniuliza, umechoka? Nikamwambia, wewe mwanamume una akili timamu kweli?" Walijaliwa binti mmoja, Lanae.

Mwaka 1998 Orlin alimpa Merle mbegu yake mpya aipande kwanza. Alimwambia, "Ngano iliyojiotea yenyewe baada ya mavuno, iue yote, wiki mbili kabla hujapanda. Utitiri hukaa humo." Merle akajibu, "Sawa, kaka."

Majira ya kuchipua yaliyofuata, shamba lote lilikuwa la njano.

Wakulima waliitana kwenye ukumbi wa kanisa hili. Mmoja alisimama akasema, "Dokta, hiyo mbegu yako ya kitabuni kailishe kuku!" Watu walicheka. Orlin alisimama akasema, "Msimu wa kupanda ulikuwa na joto, na kwenye joto mbegu hii inashindwa. Kosa ni langu." Akaketi. Kituo kilimwondolea mradi huo, kikampa kazi ya kupima udongo.

Mimi nilikuwa nimekaa safu ya pili, ninakula keki.

Ekari arobaini za ngano iliyojiotea sikuziua. Niliziacha ndama wangu wale. Utitiri walitoka humo wakaingia kwenye mbegu yake. Sikusema siku ile, wala kwa miaka ishirini na minne iliyofuata. Ndiyo maana nimeomba kusoma mimi.

Kwa siku tatu Orlin na Twila walitembea shamba langu lililokufa. Walipata mashina matatu ya kijani. Aliyahamishia nyuma ya nyumba yake, akayapandanisha jioni baada ya kazi, miaka kumi na miwili. Mbegu iliyotokana nayo ilitolewa kwa wakulima mwaka 2011. Aliyemtajia kuku anaipanda hadi leo. Yuko hapa.

Novemba 2022 Orlin aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Wiki ya pili ya Aprili nilikaa kando ya kitanda chake, nikamwambia, "Orlin, ile ngano ya ndama sikuiua."

"Najua. Niliona mavi yao."

"Sasa mbona hukusema?"

"Waliuliza habari za mbegu yangu. Hakuna aliyeuliza habari za ndama wako." Akafumba macho. "Nipe maji."

Nilimpa.

Alifariki nyumbani kwake tarehe 3 Mei 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na minne. Twila alikuwa amemshika mkono. Mimi nilikuwa njiani.

Ameacha mjane, Twila. Binti, Lanae, na mumewe, Curt. Wajukuu wawili, Britta na Joel. Na mdogo wake, Merle.

Mungu akupokee, kaka. Wameshajua.